Wakwe wametualika mkahawa wa stesheni mjini Paris: tufanyeje kuhusu mvinyo, nyama, insulini na treni?

Swali la msomaji:

"Binti yetu ameposwa na kijana wa Kifaransa aliyesilimu, na mwezi ujao mimi na baba yake tutasafiri kutoka Tanga kwenda kuonana na wakwe zetu, ambao si Waislamu. Wametualika chakula cha mchana saa sita na nusu katika mkahawa uitwao Le Train Bleu, ndani ya stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris, kisha sote sita tupande treni ya saa tisa alasiri kwenda kwao Lyon. Nimeona picha za mahali hapo, ni kama kasri. Sisi hatunywi pombe wala hatuli nguruwe. Binti ananiambia nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa mvinyo ukishapikwa pombe yote huruka, na kwamba nikiagiza samaki nitakuwa salama. Mume wangu ana kisukari na hujidunga insulini nusu saa kabla ya kula. Nahofia nyama zao zinazotoka damu, nahofia kutia aibu kwa uma na visu, nahofia bei na suala la nani alipe, na zaidi ya yote nahofia treni itatuacha tukiwa bado mezani. Mimi huvaa hijabu. Je, nitaruhusiwa kuingia? Au ni bora tuukatae mwaliko?"

Mama, shikamoo, na hongera kwa posa ya binti. Nimelisoma swali lako kwa utulivu, kwa sababu ni swali la mtu anayetaka kulinda mambo mawili kwa pamoja, yaani dini yake na heshima ya familia yake mbele ya watu ambao kuanzia sasa ni ndugu. Nimesimamia kumbi za chakula na kuwafundisha vijana kazi ya kuhudumia meza, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua kutoka upande wa jikoni, na pale jambo litakapokuwa la sheikh au la daktari nitakuambia waziwazi. Mwaliko msiukatae. Lakini pia msiende mkitumaini kwamba mtayamaliza mambo mkishaketi, kwa maana katika mkahawa wa namna hii karibu kila jambo linalokutia hofu huwa limekwisha kuamuliwa kabla mgeni hajavuta kiti.

Kwanza uifahamu nyumba yenyewe, maana picha zimekutisha kuliko inavyostahili. Stesheni ya Gare de Lyon ilijengwa upya kwa ajili ya Maonesho ya Dunia ya mwaka 1900 na kampuni ya reli ya Paris–Lyon–Méditerranée. Msanifu wake, Marius Toudoire, ndiye pia aliyepanga ukumbi wa chakula ulio ghorofani, ambao Rais Émile Loubet aliuzindua mwaka 1901, mwaka uleule ambao reli iliyoanzia Mombasa ilifika Ziwa Viktoria. Kuta na dari zake zina michoro 41 ya rangi, na mingi inaonesha miji na mandhari ambayo abiria wa kampuni hiyo wangefikishwa: bandari ya kale ya Marseille iliyochorwa na Jean-Baptiste Olive, sherehe ya maua ya Nice iliyochorwa na Henri Gervex, na Mont Blanc yenye theluji yake. Yote hayo yalikuwa ni kumvutia mteja anunue tiketi. Jina la Le Train Bleu lilitolewa mwaka 1963 kwa kumbukumbu ya treni mashuhuri iliyokuwa ikiwapeleka wenye uwezo kwenye pwani ya kusini, na mwaka 1972 ukumbi ukaingizwa katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria. Chakula nacho hakikubaki mwaka 1901, kwani mwaka 2018 mpishi Michel Rostang alikabidhiwa kazi ya kuitengeneza upya orodha ya vyakula.

Nimekueleza hayo kwa sababu yana maana kwa hofu yako. Dhahabu ya darini ni nyingi, lakini ukumbi huu uliwekwa pale kwa ajili ya wasafiri, watu wenye mizigo, wenye watoto, wenye tiketi mfukoni na jicho kwenye saa. Mhudumu wa pale anapomuuliza mgeni kama ana treni ya kuwahi, anauliza swali la kawaida kabisa la kazi yake, na ukimjibu kwa uwazi unamrahisishia.

Sasa tuje kwenye mvinyo, ambapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda mrefu zaidi. Binti yako amekuambia mambo mawili ambayo husemwa sana, hata na baadhi ya wapishi, nayo yote mawili hayako sawa. La kwanza ni kwamba pombe yote huruka ikipikwa. Watu hufikiri hivyo kwa kuwa pombe huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100, hivyo wanaona ni lazima pombe itangulie kutoka yote na kuyaacha maji nyuma. Katika sufuria mambo hayaendi hivyo. Pombe iliyochanganyika na maji hutoka pamoja nayo katika mvuke mmoja, na kadiri kiasi chake kinavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuitoa iliyobaki. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kuhusu kile kinachobaki katika chakula baada ya kupikwa yanaonesha kwamba mchuzi uliochemshwa polepole kwa dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubakiwa na takriban asilimia 40 ya pombe ile, kwa nusu saa asilimia 35, kwa saa nzima asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado hubaki kama asilimia 5.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni chakula kinachowashwa moto mbele ya wageni, kama zile chapati laini nyembamba ziitwazo crêpes Suzette. Moto ule ni wa kupendeza macho, na mtu anayeutazama huona kwa hakika kwamba pombe inateketea, ilhali majedwali hayohayo yanasema kwamba takriban asilimia 75 hubaki. Sababu yake ni kwamba kinachoungua ni mvuke ulio juu ya kikaango peke yake, na mvuke huo ukipungua mpaka hautoshi tena kulisha mwali, moto huzimika, huku sehemu kubwa ya pombe ikiwa bado imo ndani ya mchuzi. Kwa hiyo, mama, moto usikupe utulivu. Ipo pia keki maarufu ya Kifaransa, baba au rhum, ambayo huokwa kwanza na kisha hulowanishwa kwa ramu. Hiyo haina hata shaka ya kujadiliwa.

La pili ni samaki. Ni kweli kwamba samaki hukuondolea mashaka ya uchinjaji, lakini jiko la Kifaransa humpikia samaki mvinyo mweupe kuliko nyama yoyote. Ule mchuzi mweupe wa siagi unaoitwa beurre blanc huanza kwa vitunguu vidogo vilivyochemshwa na mvinyo mweupe na siki mpaka kimiminika kikauke karibu chote, ndipo siagi ipigwe humo kidogokidogo. Maji ya kuchemshia samaki mara nyingi nayo hutiwa mvinyo. Mgeni akisema tu kwamba ataagiza samaki, amechagua kitoweo na hajagusa mchuzi.

Kwa nini basi asimwambie mhudumu pale mezani auondoe mvinyo? Kwa sababu hauondoleki. Michuzi ya nyama katika jiko kubwa huanza siku moja au mbili nyuma, kwa mifupa kuokwa, kuchemshwa kwa saa nyingi na kutiwa mvinyo mapema kabisa, na asubuhi ya siku ile wapishi hugawa kila kitu katika vyombo vyake ili saa ya mchana ibaki kazi ya kupasha, kukaanga na kupanga sahani. Kuuondoa mvinyo katika mchuzi huo saa saba mchana ni sawa na kuuondoa uzile katika pilau iliyokwisha kukauka. Ukitoa ombi ukiwa umeshaketi, jiko litakalokuheshimu litakupa samaki mkavu na viazi, na mwenyeji wako ataona haya kwa niaba yako. Ukilitoa ombi hilohilo siku tatu kabla, mpishi ana nafasi ya kupanga kitu kilicho kamili: samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni na ndimu, mboga zilizopikwa kwa siagi peke yake, kitindamlo cha matunda. Jiko ni lilelile na wapishi ni walewale. Kinachobadilisha sahani ni siku ambayo ombi limefika.

Ombi hilo liandikwe kwa Kifaransa na litaje vitu kwa majina. Usiandike neno halali peke yake, kwa maana kwa wahudumu wengi neno hilo linamaanisha nyama iliyochinjwa Kiislamu na basi, na hawatakumbuka mchuzi wala kitindamlo. Liandikwe hivi: "Ni vin ni alcool, même cuits, ni porc, ni lardons, ni gélatine." Maana yake ni kwamba hamtaki mvinyo wala pombe hata zikipikwa, wala nguruwe, wala vipande vya mafuta yake vinavyotiwa kwenye mboga, wala gelatini, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe na huwekwa kwenye vitindamlo vya kuganda. Kuhusu siki ya mvinyo na haradali ya Dijon, ambazo zimo katika takriban kila kachumbari ya Kifaransa, mashekhe wana maelezo yao juu ya kitu kilichokwisha kugeuka, na mimi si mtu wa kuyatoa.

Nyama nayo ina mambo mawili ambayo umeyaweka pamoja, na ni vyema tuyatenganishe. Umesema nyama zao zinatoka damu. Maji mekundu yanayoonekana kwenye sahani si damu ya mshipani, kwa sababu damu hiyo ilitoka kwa sehemu kubwa mnyama alipochinjwa. Ni maji ya misuli yaliyobeba protini iitwayo mioglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni katika msuli, na ambayo ni nyekundu mpaka joto la ndani ya nyama lipite takriban nyuzi 60, ndipo ianze kugeuka kijivu na hudhurungi. Anayependa nyama iliyoiva kabisa ataje "bien cuit", wala asitaje "à point" akidhani ni wastani wetu, kwa maana kwa Mfaransa hiyo bado ni ya waridi katikati. Na asiagize tartare ya ng'ombe, kwa kuwa hiyo ni nyama mbichi iliyokatwakatwa.

Uchinjaji ni jambo lingine, na hilo halitatuliwi na moto. Le Train Bleu inasifika kwa paja la mwanakondoo linalosukumwa mezani juu ya toroli na kukatwa mbele ya mgeni, na kwa hakika wakwe watataka mlionje. Msichukulie kwamba nyama hiyo imechinjwa Kiislamu isipokuwa nyumba yenyewe imewaambia hivyo kwa maandishi. Wapo Waislamu wanaokula nyama ya Ahlul-Kitabu na wapo wasioila, na mnajua wenyewe mnamfuata sheikh gani. Kama hamli, semeni mapema kwamba mtakula samaki, ili toroli isifike mezani na kuwaweka wenyeji katika hali ya kuirudisha.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, lakini nimelisikia chini ya maneno yako: mtaketi vipi kwenye meza ambako wengine wanakunywa? Hapa nitakupa njia zilizopo pamoja na maoni yangu, na uamuzi ubaki kwenu na kwa mnayemwamini katika dini, kwa kuwa wapo wanazuoni wanaolikataza kabisa jambo hilo kwa kutegemea hadithi, na si haki mimi kulipuuza. Mnaweza kuketi wenyeji wakinywa mvinyo wao na ninyi maji yenu. Wengi hufanya hivyo, lakini kama mioyo yenu itakuwa na dhiki saa mbili nzima, mkutano wa kwanza na wakwe hautakuwa na raha. Mnaweza kuomba badala ya chakula kamili mpewe chai na keki katika sehemu ya mapumziko ya mkahawa huohuo, ila kwa mtu wa kisukari mlo wa keki saa ya chakula cha mchana si mlo. Mnaweza pia kupendekeza mkahawa wa Waislamu, na Paris inayo mingi, hasa ya watu wa Afrika Kaskazini, lakini mtawaondolea wakwe nafasi ya kuwakaribisha mahali walipopachagua wenyewe, tena palipo hatua chache kutoka kwenye treni. Maoni yangu ni kwamba meza hii moja iwe bila mvinyo, na ombi hilo litoke kwa kijana kwenda kwa wazazi wake. Yeye ndiye aliyesilimu, yeye ndiye mtoto wao, na maneno yake hayatasikika kama masharti ya wageni. Kwa watu wengi wenye adabu, kuacha mvinyo kwa mlo mmoja ili kumheshimu mkwe ni jambo dogo sana, na ni zawadi ambayo mtafurahi kuwashukuru kwayo.

Sasa mzee na insulini yake, na hapa naomba usome kwa uangalifu mkubwa. Insulini ya mchanganyiko ambayo wagonjwa wengi hupewa katika hospitali zetu hudungwa takriban nusu saa kabla ya kula, na utaratibu huo unafaa nyumbani ambako mama anajua wali unaiva saa ngapi. Mkahawani nusu saa hiyo haina mwenyewe. Mtaketi, mtaletewa orodha, mtasalimiana na kutafsiriana, mtaagiza, na sahani ya kwanza inaweza kufika dakika 40 baada ya kuketi. Akijidunga kwenye ngazi za stesheni, sindano itaanza kufanya kazi huku mezani hamna kitu, na sukari itashuka. Tena mlo wao huanza kwa saladi au samaki baridi, vyakula ambavyo havina wanga wa kutosha, na wanga wenyewe huja baadaye. Zaidi ya hayo, saa sita na nusu ya Paris ni saa saba na nusu ya Tanga wakati wa kiangazi chao, na saa nane na nusu wakati wa baridi, kwa hiyo mwili wake utakuwa umesubiri chakula kuliko ulivyozoea.

Jambo hili lipelekwe kwa daktari wake kabla ya safari, ana kwa ana, pamoja na ratiba ya safari na jina la insulini anayoitumia. Daktari ataamua kama sindano isubiri mpaka sahani ionekane, au kama kwa siku za safari atampa aina nyingine. Asibadilishe kipimo kwa ushauri wangu wala wa jirani. Ninaloweza kuongeza kwa upande wangu ni kwamba nchini Ufaransa mkate na maji ya bomba huja pamoja na mlo bila malipo ya ziada, kwa hiyo mhudumu anaweza kuombwa alete mkate mara tu mnapoketi, na hakuna atakayeshangaa. Mzee abaki na kitu cha sukari mfukoni mwa koti, insulini isafiri katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na akianza kutetemeka au kutoka jasho la ghafla asione haya kula kabla ya wengine. Kama yeyote kati yenu ana mzio wa chakula fulani, fahamuni kwamba sheria ya Ulaya inaulazimisha mkahawa kutoa taarifa kuhusu makundi 14 ya vitu vinavyosababisha mzio, na mnaweza kuiomba.

Kuhusu treni, hofu yako ina msingi, lakini dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Mlo wa Kifaransa huchukua muda kwa sababu ya kanuni moja: sahani haziondolewi mpaka wote mezani wamemaliza, na jiko haliandai sahani inayofuata mpaka mhudumu aagize. Yaani mwendo wa mlo haumo mikononi mwa mpishi, umo kwa anayewatazama. Asipojua kwamba mna treni atawaacha mzungumze kwa raha, kwa kuwa kumharakisha mgeni kwao ni utovu wa adabu, na kwa sababu hiyohiyo hataleta bili mpaka aombwe. Basi mwenyeji wenu amwambie tangu wakati wa kuweka nafasi, na arudie mnapoketi, kwamba mna treni ya 15:00, ndivyo tiketi inavyoiandika saa tisa alasiri. Agizeni vyakula vyote kwa mara moja, pamoja na kitindamlo, na bili iombwe inapoletwa kahawa.

Mkiketi saa sita na nusu, kozi mbili zinatosha na mtazila kwa utulivu. Kozi tatu kwa watu sita zinawezekana lakini zitawabana. Mimi ningechagua mbili. Simameni saa nane na dakika 20. Muda huo unaweza kuonekana mwingi kwa mtu ambaye treni yake iko chini ya dirisha, lakini jukwaa hutangazwa kwenye ubao takriban dakika 20 kabla ya kuondoka, milango hufungwa dakika mbili kabla, na stesheni hii ina kumbi zaidi ya moja. Ngazi za mkahawa zinashukia Ukumbi wa 1, wenye majukwaa ya herufi, na kama treni yenu itapangiwa jukwaa la namba mtapaswa kutembea mpaka Ukumbi wa 2, mkiwa na mizigo, katika umati, na watu wazima wawili wasiopajua. Mizigo mikubwa iwekwe kwenye kabati za kulipia za stesheni kabla ya kupanda, na dakika za kuichukua zihesabiwe. Kama magoti ya yeyote kati yenu hayapendi ngazi, hilo nalo liandikwe katika ombi la nafasi.

Hijabu yako haina tatizo lolote. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2010 inakataza kuufunika uso katika maeneo ya umma, na haihusu kitambaa cha kichwani kinachoacha uso wazi. Kumnyima mtu huduma kwa sababu ya dini yake ni kosa kisheria. Vaa vazi lako la heshima kama unavyokwenda harusini mchana, na mzee avae koti au kanzu yake safi.

Bei ni kubwa, sitakuficha: mlo wa kozi mbili au tatu katika ukumbi wa namna hii ni makumi kadhaa ya euro kwa kila mtu hata bila mvinyo. Lakini waliowaalika ndio watakaolipa, kwa desturi yao na kwa desturi yetu, na kuvutana juu ya bili kutawafedhehesha. Bei iliyoandikwa ina kodi na gharama ya huduma ndani yake, kwa hiyo ile hesabu ya asilimia 20 ya bakshishi ambayo watu huisikia kutoka Marekani haipo. Anayetaka huacha euro chache kwa hiari. Shukrani yenu itoeni Lyon, nyumbani kwao, kwa kanga na viungo mtakavyobeba, na kwa kuwaalika nao Tanga.

Uma na visu usiviogope hata kidogo. Anza na vilivyo nje kabisa, uingie ndani kadiri sahani zinavyokuja. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza kama hakuna kisahani. Mikono huonekana juu ya meza na haifichwi mapajani. Ukimaliza, laza uma na kisu sambamba juu ya sahani. Mkono wa kushoto ukikushinda kushika uma, hakuna anayetazama. Watakachokiona na kukikumbuka ni kama uliwasalimia wahudumu ulipoingia, kwa "bonjour" kabla ya neno lolote, na hapo mtu aliyelelewa Pwani hana la kufundishwa.

Basi kabla ya kufunga mabegi mna watu watatu wa kuwaona: sheikh wenu kuhusu kuketi penye mvinyo na kuhusu nyama, daktari wa mzee kuhusu insulini, na binti yako, ambaye kwa kuwa yuko Ufaransa ningependa afike mwenyewe mkahawani au aandike, asipige simu tu. Azungumze na msimamizi wa ukumbi nje ya saa za chakula, ataje siku, watu sita, treni ya 15:00, vitu msivyokula, na mkate wa mapema kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari, kisha aombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo alichapishe na aje nalo siku hiyo, kwa kuwa aliyepokea ombi Jumanne huenda asiwe zamu Jumamosi.